Geti la Ngazi na Kanga ya Kijani

S.L.P. 47,
Masumbwe,
Mbogwe, Geita.

Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Justa, Mama George,

Mwangaluka mayu, umeamkaje mama. Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa: marahaba sana. Hujambo? Miguu inasemaje na baridi ya Mafinga? Mwezi huu nakuonea huruma, maana sisi wa Didia tumeumbiwa jua, na huko kwenu nasikia watu wanalala na soksi. Lile sweta la zambarau nililokupa mwaka juzi livae, usilitunze kwa ajili ya kanisani. George hajambo? Na mjukuu wangu Eliya, kidonda cha paji la uso kimekauka? Bado anashtuka usingizini? Nijibu moja baada ya jingine, usiniambie "wote wazima" kama mtu anayejaza fomu.

Sisi huku tu wazima. Presha yangu imetulia tangu nilipoacha chumvi ya mezani na vikao vya kwaya. Mwigulu anaendelea na duka lake la mbao. Wachimbaji wakichimba yeye anauza, na wasipochimba anakaa mlangoni anahesabu magari. Mkewe Kudra hajambo. Mageni, mjukuu wangu, ametimiza miaka mitatu na nusu. Sasa anashuka ngazi mwenyewe akiwa ameshika chuma cha pembeni, na anazihesabu: moja, mbili, tano, tisa. Miaka thelathini na mbili nimefundisha hesabu, masikio yananiuma, lakini nanyamaza.

Shamba la Didia halikutuangusha. Mpunga si mwingi, ila viazi vimekubali, na wiki nzima tumekuwa tukikata michembe na kuianika juu ya miamba. Fungu lako lipo kwenye mzigo. Usigawe kwa majirani mpaka uonje.

Utajiuliza kwa nini dada ameandika barua wakati simu ipo. Simu yako, Justa, unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza. Kwenye lile kundi letu la ukoo la wasapu nako, neno nikiliandika saa mbili, saa tatu Mwanza wameshalijadili na kulipitisha. Jambo hili linataka karatasi. Kaa kitako, usome peke yako.

Kwanza kabisa, pole. Nilikupa pole kwenye simu, lakini zile zilikuwa pole za haraka. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne kuporomoka ngazi kumi na mbili, wewe bibi yake ukiwa nyumba hiyo hiyo, ni jambo la kumzeesha mtu kwa siku moja. Ile sauti ya mwili mdogo unaogonga ngazi moja baada ya nyingine naijua. Ukishaisikia haikutoki. Ndiyo maana uliponieleza kwamba umemrudisha mkweo Melania kwao Tinde, na mtoto umebaki naye wewe, sikukubishia. Nilisema "haya", nikakata simu. Nilikosea kusema haya.

Tena siku ile uliniambia neno ambalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ulisema, "Dada, nyinyi mlimvumilia Kudra yalipowapata ya Mageni. Mimi moyo huo sina." Nitalirudia neno hilo huko mbele. Usiruke kurasa kwenda kulitafuta, nakujua.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Tinde kumwona mkweo. Nilishuka pale njia panda, nikatembea mpaka kwao, nikamkuta uani anapepeta choroko. Amekonda, Justa. Alinipigia magoti akaniamkia kama kawaida yake, akaniletea kigoda na maji. Swali lake la kwanza halikuwa la George. Aliuliza kama Eliya anakula, na nani anamlaza.

Mama yake alinisogeza pembeni akaniambia kwamba wiki nzima ya kwanza kifua kilimjaa maziwa, mtoto alikuwa bado ananyonya. Akawa anayakamua kwenye bakuli na kwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Mimi nimezaa watoto wanne na kumzika mmoja. Maziwa ya kumwaga nayajua, na yangu yalikuwa ya mtoto aliyekufa. Ya huyu, mtoto wake yuko hai, Mafinga, anamlilia. Nilijisogeza kando nikajifanya naangalia kuku wao, kumbe machozi yananitoka.

Niliporudi nilimwuliza ilikuwaje siku ile. Akasema alikuwa jikoni. Nikamwuliza kama ngazi zilikuwa na kizuizi chochote. Akanyamaza. Nikamwuliza kama aliwahi kuomba kiwekwe. Akainamisha kichwa, akaendelea na ungo wake. Niliuliza mara mbili nikaacha. Darasani nilijifunza kutofautisha kimya cha mtoto mwenye kosa na kimya cha mtoto anayemfichia mwenzake. Wewe sikuulizi kitu, mdogo wangu. Nakueleza tu nilichokiona kwa macho.

Sasa nikueleze habari za ngazi za hapa kwetu, maana nusu unaijua na nusu huijui.

Mwigulu alipomaliza ghorofa hii, ya kwanza katika ukoo wetu, tulihamia watu ambao maisha yetu yote tulizijua ngazi za aina mbili tu: ya kupandia kihenge na ya kushukia duarani, yaani kwenye shimo la machimboni. Hatukuwa na habari kwamba ngazi ya ndani ya nyumba nayo ina adabu zake. Mageni alipoanza kutambaa, aliyesema kwanza kwamba pawekwe geti alikuwa Kudra. Mimi, mwalimu mstaafu, mjuzi wa yote, nikasema niachieni niongee na fundi.

Nikamwita Marwa, yule Mkurya mwenye karakana ya kuchomelea karibu na stendi. Nikamwambia anitengenezee kama mlango wa zizi. Naye amekulia kwenye ng'ombe kama sisi, akanielewa mara moja. Akaleta geti la vyuma vinne vilivyolala, sawasawa na ile miti ambayo baba alikuwa akiipitisha mlangoni jioni ng'ombe wakishaingia. Tulilisifu sana. Siku ya pili nikamkuta Mageni amesimama kwenye chuma cha tatu, ameshika cha juu, anachekelea. Ndama hana vidole, Justa! Mtoto anavyo. Tulikuwa tumemwekea ngazi juu ya ngazi. Marwa alipoitwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona haya, akalibeba geti lake. Sasa hivi limefungia banda la mbuzi wa jirani, na mbuzi hawajalalamika.

Mwigulu akasema tuache ushamba, yeye ataleta la kisasa. Akatoka nalo Mwanza, jeupe, la kukaza kwa skrubu zinazobana ukuta wa huku na wa huku bila kutoboa. Lilikuja na karatasi ya maelezo. Miwani yangu ilikuwa chumbani, nikasema maelezo ya nini, kitu si kinaonekana. Wakaliweka juu ya ngazi. Siku ya tatu nikaliegemea nikimwita Kudra, likaachia. Ni Mungu tu kwamba mkono wangu ulikuwa kwenye chuma cha pembeni. Geti lilishuka ngazi zote peke yake likanisubiri chini, na unajua mwili wangu ulivyo, ningelifuata nisingeandika barua hii.

Ndipo nikaenda kuchukua miwani. Karatasi inasema wazi kwamba geti la kubana ni la chini ya ngazi, au la mlango wa jikoni, kamwe si la juu. Tena lina chuma kinachokatiza sakafuni, na chuma hicho kikiwa juu ya ngazi ni mtego kwa mtu mzima aliyebeba mtoto. Tukalihamishia chini, na huko limefanya kazi yake vizuri mpaka leo.

La tatu ndilo lilikuwa geti. Kudra alilichora mwenyewe nyuma ya daftari la duka, akaenda karakana na Mageni mgongoni. Vyuma vyote vya kusimama, pasiwe na pa kukanyaga. Kati ya chuma na chuma vipite vidole vyangu vitatu, cha nne kigome, ili kichwa cha mtoto kisipate njia. Chini karibu kugusa sakafu, asije akajipenyeza kama paka. Juu lifike kiunoni kwangu. Akamsimamia Marwa mpaka kila kona imepigwa tupa ikawa laini, na Marwa akaniambia kwamba katika maisha yake amegombezwa na wenye madini wengi lakini hajawahi kugombezwa kwa upole namna ile.

Alipokuja kulifunga akakuta ukuta wetu upande mmoja ni tofali za kuchoma na plasta laini, drili inaingia kama kwenye ugali. Skrubu zisingeshika. Mwigulu akatoa ubao wa mninga dukani, ukafungwa kwanza ukutani kwa skrubu ndefu sehemu nne, ndipo bawaba zikafungwa kwenye ubao. Likawa linafunguka kwa kuvutwa kuelekea ukumbini, halifunguki upande wa ngazi. Bawaba zake zina springi, ukiliachia linarudi lenyewe. Na komeo lake mtu mzima analiinua kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili siku zote una mtoto au una beseni.

Miezi mitano tukaishi kwa amani. Sasa nafika usipopajua.

Unamkumbuka shemeji yangu Mzee Mabula, kaka wa marehemu mume wangu. Alikuja kutoka Didia na wazee wengine wawili kuzungumza habari ya kujengea kaburi. Sebule yetu iko juu, tukawapandisha juu. Na wewe umelelewa nyumba moja na mimi, unajua: mgeni mzee akiwa ndani, mlango haufungwi mgongoni kwake. Kufunga ni kumwambia kwamba umemchoka, au umemfungia kama mfugo. Mzee Mabula alipofika kwenye geti akalitazama, akaniuliza kama siku hizi tunafugia ndama ghorofani. Wazee wakacheka. Hakuwa na ubaya, ni utani wa shemeji. Lakini mimi niliona aibu, Justa, aibu ya kijinga kabisa, ya mwanamke wa miaka sitini na tatu aliyeogopa kuonekana amekuwa mzungu mbele ya watu wa kwao.

Nikavua kanga begani, ile ya kijani yenye maua ya njano, nikalifunga geti kwenye chuma cha pembeni libaki wazi, wageni wapite na vyakula vipite. Kudra akapanda na maji ya kunawa, akaiona kanga. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, Mageni ameamka." Nikamjibu kwamba wageni kwanza, ateremke alete ugali, mtoto nipo mimi. Akateremka.

Na nilikuwepo kweli. Mageni alitoka chumbani, akapita nyuma ya kiti changu. Nilimwona. Sitaki udhani kwamba sikumwona. Nilimwona kwa pembe ya jicho, nikasema moyoni kwamba anaenda kuchezea viatu vya wageni, nikaendelea kumsikiliza Mzee Mabula na mifuko yake ya saruji. Kisha nikaisikia ile sauti.

Ngazi kumi na moja. Mkono wa kushoto ulivunjika na nyusi ikapasuka. Ile alama unayoiona kwenye picha zake ndiyo hiyo. Kudra alimwokota chini. Nilipomfikia huko chini alikuwa ameshaona mkono unavyoning'inia, akanipa mtoto, akakimbia juu, akaifungua kanga yangu kwenye geti, akarudi kumfungia mtoto mkono kifuani. Nyuma yake geti likajifunga lenyewe. Hakupiga kelele. Hakunitazama.

Tukampeleka hospitali Kahama. Mwigulu alitukuta huko, anatweta, akauliza nani aliacha geti wazi. Kudra alinitazama mara moja tu. Akasema, "Mimi sikufunga." Na mwanangu, niliyemlea kwa mikono hii, akamwambia mkewe mbele ya manesi na watu wa benchi zima kwamba hata kuku anajua vifaranga vyake viko wapi. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Kesho yake niliikuta kanga kitandani kwangu, imefuliwa damu yote, imenyooshwa, imekunjwa. Kudra hakusema kitu siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Miezi miwili Mwigulu alikula kwa mama lishe stendi, hakugusa chakula cha nyumbani. Wewe ulinipigia simu ukasema wakwe wa siku hizi macho yao yako kwenye simu. Unakumbuka nilikujibu nini? Nilikujibu, "Ndiyo, mdogo wangu."

Basi lile neno lako nalirudisha sasa. Sisi hatukumvumilia Kudra. Kudra ndiye aliyetuvumilia. Ulipomhukumu Melania ulitumia kipimo ambacho mimi nilikupa, na kipimo hicho kilikuwa cha uongo. Kama ningesema kweli pale kwenye benchi la hospitali, huenda leo yule binti asingekuwa Tinde anakamua maziwa kwenye bakuli. Naumia sana, na sina wa kumlaumu.

Niliporudi kutoka Tinde nilimwita Mwigulu na Kudra sebuleni, mchana kweupe, nikasema yote. Mwigulu alimgeukia mkewe akamwuliza kwa nini alinyamaza. Kudra akamjibu, "Ulikuwa umeshanikasirikia mimi. Kwa nini ukasirike mara mbili?"

Mwigulu akatoka, akaenda kusimama huko nje kwenye mbao zake. Siku tatu aliniamkia akiangalia chini, na nilistahili. Siku ya nne, tukiwa mezani, alimsifia Kudra mchuzi mbele yangu, jambo ambalo marehemu baba yake hakulifanya hata mara moja katika miaka yetu thelathini na moja. Nilimwomba Kudra radhi. Akasema nimeshasamehewa zamani, nile chakula kinapoa. Nilikula huku nalia, Mageni akaniuliza kama pilipili imezidi.

Sasa turudi kwako. Nimemwagiza Marwa akutengenezee geti kama lile la tatu. Vipimo vya juu ya ngazi zako nilimwomba George kwa siri, akapima kwa futi ulipokuwa ibadani. Usimgombeze, ni mimi. Lipo tayari. Mtafute fundi mtu mzima alifunge, asimame na kugonga ukuta kwanza. Kama unatoa vumbi, aanze na ubao. Lifunguke kuelekea ndani. Akishamaliza, lisukume kwa uzito wako wote kabla Eliya hajalikaribia. Na siku Eliya atakapoanza kulipanda, liondolewe siku hiyo hiyo, maana hapo limegeuka kuwa hatari. Mfundisheni mapema kushuka kinyumenyume, tumbo likigusa ngazi. Lakini zaidi ya yote, akija mgeni, awe askofu awe mjomba, lifungwe. Mgeni mwenye akili ataliinua komeo mwenyewe, na asiye na akili atakaa chini.

Geti peke yake halitoshi, Justa. Linahitaji mtu wa kulifunga, na mtu huyo ni mama wa mtoto.

Unaijua desturi yetu: mwanamke aliyerudishwa kwao hajirudishi. Hufuatwa na watu wa mume, waketi, waombe radhi. Ijumaa nilikwenda Tinde mara ya pili. Mimi si wa ukoo wa baba yake George, lakini ni mama yake mkubwa, na wazee wa Melania walinipokea vizuri. Niliomba radhi kwa jina lako. Najua hukunituma. Ukinikasirikia, sawa, wiki hizi nimezoea.

Mwigulu anakuja Mafinga kuchukua mbao, na ndiye atakayekukabidhi barua hii mkononi. Melania amekuja naye. Kwako hataingia, mimi ndiye niliyemkataza. Hivi unavyosoma, yuko stendi, ameketi na geti lako miguuni. Utamtambua kwa mbali, geti limefungwa kwa kanga ya kijani, ile ile. Asipofuatwa, keshokutwa Mwigulu akishapakia mbao zake watarudi naye, na sitakuandikia barua ya pili ya kukulaumu. Mwenye deni la kusema kweli nilikuwa mimi, nimeshasema.

Kutoka Tinde mpaka Mafinga nimemfuata mimi. Kutoka stendi mpaka mlangoni kwako ni kipande chako. Usimtume George. Nenda mwenyewe, na Eliya umbebe.

Kudra anakusalimu sana. Michembe ameikata yeye. Mageni anamsalimu Eliya na amemtumia kigari kisicho na tairi moja, anasema bado kinatembea. Mzee Mabula anakusalimu, naye nimemwambia ukweli wake, akashika kichwa akasema laiti angefunga mdomo siku ile. Fundi Marwa anasema komeo ulitie mafuta kila mwezi. Msalimie George, umwambie mama yake mkubwa anamtaka aongeze sauti kidogo nyumbani mwake.

Mungu aliyewapokea wajukuu wetu chini ya ngazi wakiwa hai atupokee na sisi tulioanguka tukiwa tumekaa kwenye viti. Akulinde na baridi, mdogo wangu, akupe miguu ya kufika stendi.

Wako akupendaye hata ukinuna,
dada yako,
Bernadina (Mama Mwigulu)

Nimesahau: kanga usinirudishie. Mpe Melania, ni nzito, inafaa kumbebea Eliya mkirudi.